Usiku wa Kikapu Mtwara: Tathmini ya Banda Linalomkumbuka Kocha Jim Calhoun

Vibanda umiza, yaani mabanda ya kutazamia mpira kwa kiingilio, vya Manispaa ya Mtwara Mikindani huishi kwa soka: Simba na Yanga, Ligi Kuu ya Uingereza, na fainali za Ulaya zinapofika. Banda moja lililoko upande wa Chikongola, lisilo na bango mlangoni, limeamua kufanya jambo la ziada. Kila Jumamosi usiku, soka ikishamalizika, mwenye banda huzima king'amuzi, huwasha kompyuta na projekta, na kuonyesha mechi za zamani za mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani. Mwezi huu wote ameutenga kwa ajili ya mtu mmoja, Jim Calhoun, kocha aliyeiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut kuanzia mwaka 1986 hadi alipostaafu Septemba 2012, akiwa na ubingwa wa taifa mara tatu: 1999, 2004 na 2011.

Kocha wa Connecticut anapendwa Mtwara kwa sababu ya Hasheem Thabeet. Kijana huyo wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21, alicheza chini ya Calhoun kwa misimu mitatu, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua akiwa chaguo la pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kulipwa ya kikapu ya Marekani, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Waliokuwa sekondari wakati ule, ambao leo ni walimu, mafundi na makarani wa maghala ya korosho, ndio wanaojaza mabenchi ya banda hili. Walianza kwa kumfuatilia Mtanzania mwenzao, na alipoondoka wao wakabaki na kocha wake.

Kiingilio ni shilingi 1,000. Kahawa huuzwa kando na kijana anayepita na birika katikati ya mabenchi, na mlangoni huketi mama mwenye sinia la ming'oko, viazi vya porini, iliyochemshwa, ambayo huipanga mafungu madogo na kuinyunyizia chumvi na pilipili ya unga. Mteja humenya ganda lake jembamba kwa kucha huku macho yakiwa ukutani, na mechi ikifika nusu ya pili sakafu ya saruji huwa imetapakaa maganda. Mabenchi hayana egemeo, na kukaa juu yake saa mbili si jambo la mgongo wa mtu mzima. Feni ni moja, upepo wake haufiki safu ya nyuma, na anayechelewa hulipia uchelewaji wake kwa jasho.

Picha za mwaka 2009 na 2011 ni safi. Zile za 1990 zina ukungu, kiasi kwamba mpira ukiingia katikati ya mikono chini ya kikapu hupotea kabisa, na watazamaji husubiri ubao wa matokeo uwaambie kilichotokea. Hata hivyo ukungu huo haukuizuia hadhira kusimama pale Tate George wa Connecticut alipodaka pasi ndefu ya Scott Burrell iliyovuka uwanja mzima, ikiwa imebaki sekunde moja, akafunga na kuitoa timu ya chuo cha Clemson katika mashindano ya taifa kwa 71 kwa 70. Siku mbili baadaye chuo cha Duke waliwatoa Connecticut kwa mtupo wa mwisho vilevile, katika muda wa nyongeza. Mwenye banda huionyesha mechi hiyo pia bila kuikatisha, jambo ambalo naliheshimu, kwa kuwa wapo waonyeshaji ambao wangeishia kwenye furaha.

Kilele cha programu, na sababu ya kutosha ya kutoa shilingi 1,000, ni mechi ya Machi 2009 dhidi ya chuo cha Syracuse katika ukumbi wa Madison Square Garden. Ilikwenda vipindi sita vya nyongeza. Ilianza usiku wa tarehe 12 na kumalizika saa saba na dakika 22 usiku wa manane kwa saa za New York, wakati ambapo huku kwetu ilikuwa saa mbili na dakika 22 asubuhi na watu wamekwishafungua maduka. Syracuse walishinda 127 kwa 117, ingawa katika nyongeza tano za mwanzo hawakuongoza hata mara moja. Jonny Flynn wa Syracuse alicheza dakika 67, na wachezaji wanane wa timu zote mbili walitolewa kwa kujaza makosa matano. Hapa mwenye banda hufanya kazi ambayo sijawahi kuiona kwenye kibanda kingine: husimamisha picha kabla ya kila nyongeza, huhesabu waliobaki kwenye benchi la Calhoun, na kuwauliza wateja wangemwingiza nani. Mabishano yanayofuata huchukua muda mrefu kuliko nyongeza yenyewe, na mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu alilazimika kupaza sauti: "Mjomba, washa mpira, usingizi unatushika!"

Sehemu ninayoiona kuwa na thamani kubwa kuliko zote, na ambayo banda linaitendea haki kwa nusu tu, ni mazungumzo kuhusu usajili. Katika vyuo vya Marekani kocha hanunui mchezaji kutoka klabu nyingine. Humfuata kijana shuleni na nyumbani kwao, huzungumza na mama yake na mwalimu wake, humwahidi ufadhili wa masomo, kisha husubiri uamuzi wa mtu wa miaka 17 ambaye vyuo vingine vingi vinamwita. Calhoun alianzia mahali pagumu. Chuo kiko Storrs, kijiji kilichozungukwa na mashamba, na chenyewe kilianza mwaka 1881 kikiwa shule ya kilimo. Ligi yake, Big East, ilikuwa na Georgetown, St. John's na Villanova, ambao kwa pamoja walichukua nafasi tatu kati ya nne za nusu fainali ya taifa mwaka 1985. Kijana gani wa New York angeviacha vyuo hivyo na kwenda kuishi jirani na zizi la ng'ombe? Msimu wake wa kwanza Calhoun alishinda mechi 9 na kupoteza 19, huku wachezaji wawili muhimu wakizuiwa kucheza kwa sababu ya matokeo ya masomo.

Alichofanya ni kutafuta mahali ambapo wengine hawakutazama sana. Alimleta Nadav Henefeld kutoka Israeli, naye katika msimu wake mmoja tu wa 1989 hadi 1990 akawapora wapinzani mipira 138. Ray Allen alitoka South Carolina. Emeka Okafor, mtoto wa wazazi wa Kinigeria aliyekulia Houston, alimaliza shahada ya fedha kwa miaka mitatu na mwaka 2004 akaipa timu ubingwa. Thabeet naye alitokea shule ndogo ya Kikristo huko huko Houston, akiwa kijana aliyeanza kikapu akiwa amechelewa. Watu wa Mtwara huielewa habari hii bila kufafanuliwa. Mkoa umewahi kuwa mwenyeji wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kitaifa, tumeona vipaji vya kila aina hapa, na kila mwalimu wa michezo wa kusini anajua kwamba kijana mrefu mwenye mikono mizuri akishaonekana, swali linalofuata ni lini atahamia Dar es Salaam. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye wote humwamkia "shikamoo mwalimu" kabla ya kuketi, alieleza jinsi alivyokuwa akizunguka kwa baiskeli katika shule za kata kutafuta wachezaji wa timu ya chuo, na jinsi wazazi walivyomuuliza kuhusu ada kabla ya kuuliza kuhusu mpira. Kwa maoni yangu dakika zake kumi zilikuwa bora kuliko robo tatu ya picha zilizoonyeshwa usiku ule, na ingefaa apewe nafasi maalumu badala ya kuachiwa muda wa kubadilisha faili.

Malalamiko yangu makubwa yanahusu kilichoachwa. Simulizi la banda linamfanya Calhoun kuwa mtakatifu, na hakuwa hivyo. Februari 2011 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilimfungia mechi tatu za ligi kwa kushindwa kusimamia kanuni za usajili, baada ya uchunguzi kubaini simu na ujumbe mfupi uliozidi kiwango kwa vijana waliokuwa wakitafutwa, pamoja na msaada usioruhusiwa kwa mmoja wao. Wiki sita baadaye akatwaa ubingwa wake wa tatu. Mwaka 2013, akiwa amekwishastaafu, timu ilizuiwa kucheza mashindano ya taifa kwa sababu ya rekodi ya masomo iliyotokana na miaka yake. Mwaka 2009 pia, alipoulizwa juu ya mshahara wake wa dola milioni 1.6 wakati jimbo likiwa na upungufu wa fedha, alijibu kwa ukali kwamba hatarudisha hata senti. Mashabiki wanaompenda hawana haja ya kufichwa mambo haya. Nilipoyataja, nusu ya mabenchi ilinigeukia kana kwamba nimemtusi baba wa mtu, lakini nusu nyingine ilitaka kusikia zaidi.

Kilichofuata baada yake kimepitwa haraka mno na programu hii, wakati ndicho kinachoonyesha uzito wa kazi yake. Big East iligawanyika mwaka 2013, Connecticut ikajikuta katika ligi mpya yenye wapinzani wa mbali kama Tulsa na Tulane, ambao mashabiki wa Storrs hawakuwa na historia nao. Kevin Ollie, mchezaji wa zamani wa Calhoun, alitwaa ubingwa wa 2014, lakini ushawishi wa kuwavuta vijana ulipungua mwaka hadi mwaka, timu ikamaliza misimu miwili mfululizo ikiwa imepoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda, na mwaka 2018 akafukuzwa. Chuo kilirejea Big East mwaka 2020, na chini ya Dan Hurley kikachukua ubingwa wa 2023 na 2024. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, kwa hiyo kocha anayebisha hodi leo hukutana na maswali ya pesa ambayo Calhoun hakuyakuta hadharani. Je, angeweza? Mwenye banda anasema angeweza. Mimi nadhani angeweza kwa miaka mitano, kisha angegombana na mtu.

Sauti ni nzuri kuliko nilivyotarajia kwa spika zile. Choo ni safi, ingawa taa yake haiwaki. Umeme ukikatika kuna jenereta, na siku iliyokatika tulipoteza dakika chache tu, isipokuwa jenereta yenyewe iko karibu mno na dirisha na moshi huingia ndani.

Anayetaka kwenda afike kabla ya saa tatu na nusu usiku na akae safu ya pili upande wa kulia, ambako feni inafika na kichwa cha mtu wa mbele hakizibi kikapu. Jumamosi ya mwisho ya mwezi imetengwa kwa ajili ya fainali ya 1999, ambapo Connecticut waliwafunga Duke 77 kwa 74. Nimemwomba mwenye banda atangulize japo mechi moja ya ule msimu wa ushindi 9, ili wanaoingia kushangilia ubingwa waone ulikotoka, na nimemwomba pia ampe mwalimu kipaza sauti. La mwalimu amelikubali papo hapo. Kuhusu mechi amesema ataitafuta, na kwamba ikipatikana kiingilio kitapanda hadi shilingi 1,500.