Zahanati ya Uyole inayouliza kabla ya kupima

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya foleni.

Mdogo wangu ananunua ng'ombe huko Usangu na kuwauza minadani. Homa ilimshika mwezi wa sita, baridi la Mbeya limekolea: jioni inapanda, usiku shuka linalowa jasho, asubuhi anakunywa chai na kusema amepona. Tulizunguka vituo kadhaa vya hapa mjini (sivitaji), na jibu lilikuwa lile lile mnalolijua: taifodi na UTI. Sindano, dripu, nenda nyumbani. Wiki ya nne ikaingia.

Daktari wa Uyole hakuandika kipimo hata kimoja mpaka alipomaliza maswali. Ulilala Kyela kwenye malaria? Nguo zimekulegea? Nyumbani kuna anayekohoa? Dawa gani unameza, maana dawa nayo huweza kuleta homa. Tukamwonyesha majibu ya malaria yaliyosoma chanya. Akasema kipimo cha haraka huweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kisha akauliza, "Maziwa mnachemsha?" Mdogo wangu akacheka. Kule kambini maziwa hunywewa yangali na povu na joto la kiwele. Ukitaka kuchemsha wanakushangaa. Daktari akambonyeza kiuno, jamaa akaruka.

Damu ikachukuliwa: brusela, ule ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba, na mtu huupata kwa maziwa mabichi. Akaandikiwa doksisaiklini na rifampisini kwa wiki 6, na onyo kwamba akiziacha homa ikishuka tu, itarudi. Amezimaliza, yuko mnadani.

Nilipenda pia kwamba hakujifanya anajua kabla ya majibu. Alituambia homa ya wiki tatu ina mengi nyuma yake: kifua kikuu kilichojificha nje ya mapafu, jipu kwenye ini, wadudu kwenye vali za moyo, saratani ya tezi za limfu au ya damu, hata kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. Nilimuuliza kuhusu watoto kwa kuwa ninao. Kwao maambukizi ndiyo yanaongoza, lakini mtoto aliyevimba viungo, au aliyepauka na kulia mifupa inamuuma, apelekwe rufaa mapema, si kumnywesha panado kila jioni.

Kasoro zipo. Kuotesha vijidudu vya damu hawafanyi pale, sampuli inapelekwa kwingine na majibu ni ya siku kadhaa. Mhudumu wa dirishani anajibu kama umemkopa. Daktari anakaa na mgonjwa mmoja muda mrefu, kwa hiyo ukifika saa nne utaondoka mchana.

Nenda asubuhi na mapema, beba majibu yote ya vipimo vya nyuma na maganda ya dawa ulizokwisha kumeza, atayataka. Choo kiko nyuma, sabuni beba yako.