Ukuta wa kioo au ukuta wa mawe?

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni ya wastani karibu mwaka mzima. Ndiyo maana jengo la vioo vitupu huniuma. Kioo hupitisha jua, joto linanaswa ndani, na ifikapo saa tisa alasiri wanaokaa upande wa magharibi wameshafunga mapazia, taa zinawaka mchana kweupe, kiyoyozi kinanguruma.

Mawe ya kuchonga, yale yanayoletwa na malori kutoka Juja na Ndarugo, yana tabia nyingine. Ukuta mnene hunyonya joto polepole mchana na kulitoa usiku, baridi ya Julai inapouma. Elekeza madirisha kaskazini na kusini, yawekee vikinga jua vya zege, na jua la mchana, ambalo huku karibu na ikweta hupanda juu sana, halitakuchoma mezani. Hewa itapita yenyewe.

Kioo huleta mwanga mwingi, hilo nakubali. Mawe nayo huacha machimbo yanayojaa maji ya mvua, hatari tupu kwa watoto. Hata hivyo, kwa jengo la ghorofa nne ningechagua mawe, bora mashimo yafukiwe.