Lola rennt au Good Bye, Lenin!: Ipi ikufunze maneno ya Kijerumani?

Kama bado uko A1, yaani ngazi ya kwanza kabisa ya lugha, na unataka maneno yakae kichwani, mi nakwambia anza na filamu ya Lola rennt ya 1998, kwa sababu stori yenyewe inarudiwa mara 3. Lola ana dakika 20 tu za kumtafutia mpenzi wake Manni maki 100,000 (hela ya Ujerumani ya enzi hizo), ikishindikana inaanza upya, kwa hiyo Geld yaani hela, Tasche yaani begi na warten yaani kusubiri utayasikia mpaka yaingie yenyewe bila kukariri. Shida ni kwamba muda mwingi ni mbio na muziki, maongezi machache, na Manni akipaniki kwenye simu anaongea haraka kweli.

Good Bye, Lenin! ya 2003 ndo ina utajiri wa maneno jamani. Alex, kijana wa Berlin Mashariki, anamficha mama yake aliyeamka kutoka koma kwamba Ukuta wa Berlin umeanguka, sasa humo ndani kuna familia, chakula, hospitali, siasa, kila kitu. Cheki pale anapohangaika na matango ya siki ya Spreewald, eneo la Ujerumani Mashariki, anahamisha vyakula vipya kwenye chupa za zamani ili mama asishtuke, unaona Gurke yaani tango na Glas yaani chupa kwa macho kabisa. Halafu Alex mwenyewe anasimulia, sauti iko wazi, unaweza kusimamisha ukaandika.

Ila kwa A1 itakuzidi. Subiri ufike A2 hivi, ngazi inayofuata, weka maandishi ya chini ya Kijerumani, sio Kiingereza.