Fundi wa pale Majengo aliyeisikiliza kompyuta yangu

Nimeendesha Fuso miaka kumi na moja, Dodoma hadi Babati kupitia Kondoa, kilomita 251, enzi ambazo sehemu kubwa ya njia ile ilikuwa vumbi. Mgongo uliponikatalia nikashuka. Tangu hapo usukani wangu ni Euro Truck Simulator 2, gemu ya malori ya SCS Software ya Jamhuri ya Cheki. Ilitoka mwaka 2012 na hadi leo inaongezewa barabara. Jioni nikishakula napakia mzigo Rotterdam, naupeleka Berlin, na roho inatulia.

Mwezi wa sita ikaanza kusumbua. Dakika kumi za mwanzo inakwenda laini, halafu picha inakatakata. Unakanyaga breki, lori linakuja kusimama ukiwa umeshamgonga wa mbele. Nikashusha ubora wa picha hadi vioo vya pembeni vikawa ukungu mtupu, haikusaidia. Fundi wa kwanza hakuiwasha hata gemu yenyewe. "Hii ni kupiga Windows tu, mzee," yaani kuifuta na kuiweka upya. Akala elfu ishirini yangu, akafuta na safari zangu zote. Nimefika nyumbani, dakika ya kumi, yaleyale, na sasa hata zile kumi za mwanzo hazikuwa laini tena.

Mpwa wangu ndiye aliyenielekeza Majengo, hapahapa Dodoma. Fundi, kijana, akaniamkia, akanipa ndoo nikalie, akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Inakwama ukiwasha tu, au ikishachemka?" Nikamwambia baada ya muda. Akaiwasha gemu, akafungua programu ndogo ya kuonyesha joto la prosesa, ile injini ya kompyuta, tukakaa kusubiri. Ikapanda 80, 90, ikafika 97, na hapohapo lori likaanza kurukaruka. "Weka mkono hapa kushoto, mzee." Nilikuwa kama nimegusa sufuria.

Alipofungua kifuniko cha chini nikaona mwenyewe. Kati ya feni na yale mapezi ya shaba vumbi letu la Dodoma lilikuwa limeshikana, nene kama kipande cha blanketi. Akalivuta kwa kibano likatoka zima. Akanieleza kwamba prosesa ikizidi joto inajipunguzia mwendo yenyewe isije ikaungua. Hapo hakuhitaji kunifundisha zaidi: ni rejeta iliyoziba, gari linachemsha ukipandisha vilima vya Kolo. Akapuliza kwa blower, akafuta dawa ya kupitisha joto iliyokuwa imekauka na kupasuka juu ya prosesa, akapaka mpya.

Kumbe kulikuwa na la pili. Yule aliyepiga Windows hakuweka draiva, yaani programu ya kuiendesha kadi kubwa ya picha ya NVIDIA, kwa hiyo gemu ilikuwa inavutwa na ile grafiki ndogo ya Intel. Akaiweka, kisha akaingia kwenye mipangilio ya grafiki ya Windows na kuichagulia gemu kadi kubwa.

Na la tatu nilijitakia: modi ya basi niliyoirudisha, yaani nyongeza ya kubandika kwenye gemu, ilikuwa ya toleo la zamani, gemu ikawa mara nyingine inafunguka na kujifunga. Akanionyesha folda ya Documents, ndani yake Euro Truck Simulator 2, faili la game.log.txt. Ukishuka hadi mistari ya mwisho utaona ilipofia. Jina la modi lilikuwa palepale. Tukaitoa kwenye folda ya mod, ikafunguka. Hilo somo hakunitoza hata senti, na nimeshalitumia mara mbili peke yangu.

Kusafisha na dawa elfu ishirini, draiva elfu kumi. Lililoniudhi ni ahadi: aliniambia Jumanne jioni, nikaipata Alhamisi, na simu hakupiga. Risiti hana, kivuli hapana, ukienda saa saba utaungua jua.

Jana nimeendesha saa mbili mfululizo. Joto halikuvuka 78, na mkono wa kushoto nilihisi uvuguvugu tu.

Ukienda, beba na chaja yako, maana kompyuta ikiwa kwenye betri inajibana nguvu na hataweza kuipima vizuri. Mueleze tatizo linaanza dakika ya ngapi. Yuko nyuma ya soko, uliza kijana wa kompyuta mwenye ndoo mbili za kukalia wateja.