Seti tatu za pedi kwa mwaka mmoja: breki za mbele za IST yangu

Gari yangu ni Toyota IST ya 2004, injini ya 1.5, mbele diski, nyuma ngoma. Inatoka Mbezi kwenda mjini na kurudi siku tano za wiki, na anayeijua Barabara ya Morogoro asubuhi anajua kwamba pale mguu unashinda kwenye breki kuliko kwenye mafuta. Ndani ya mwaka mmoja nimefunga pedi mpya za mbele mara tatu. Mara mbili za kwanza nilikosea, tena makosa yenyewe hayakufanana.

Ilianza na mlio mwembamba kama wa panzi, ukisikika nikikanyaga breki taratibu kwenye foleni. Niliupuuza karibu mwezi mzima. Baadaye ndiyo nikaelezwa kwamba pedi nyingi zina kibati kidogo kilichowekwa makusudi: nyama ya pedi ikikaribia kwisha, kibati kinagusa diski na kuanza kupiga filimbi. Hiyo si kelele ya ubovu, ni gari inakuita. Ukiendelea kujifanya husikii, filimbi inageuka kuwa mkwaruzo, na hapo ni chuma kwa chuma.

Nikaenda Gerezani, Kariakoo, mchana wa Jumamosi na jua lake. Kijana wa dukani hakuniuliza hata gari ni ya mwaka gani. "IST, dada? Hizi hapa, Japani yenyewe. Za bei chini zipo pia ila mimi sikushauri." Boksi linang'aa, bendera ya Japani kila upande. Shilingi 25,000. Nikajiona nimepata. Fundi aliyekuwa jirani alizifunga kwa nusu saa, gari ikiwa juu ya jeki, mimi nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nakunywa soda.

Wiki za mwanzo sikuwa na malalamiko, zaidi ya vumbi jeusi kwenye ringi. Naosha Jumapili, Jumanne ringi zimeshakuwa kama sufuria ya mkaa.

Kisha tukaenda Lushoto kwenye harusi. Kupanda hakuna shida, injini ndiyo inayoteseka. Kurudi ndiyo kazi: barabara ya Lushoto hadi Mombo ni kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande mwingine. Ndani tulikuwa watu wazima wanne, na buti limejaa viazi na kabichi, maana hakuna anayetoka Lushoto mikono mitupu. Mimi nateremka na gia ya D, mguu kwenye breki muda wote. Kabla ya Soni nikasikia harufu kama ya plastiki iliyoungua. Kona iliyofuata nikakanyaga, pedali ikawa ngumu, iko juu mahali pake kabisa, lakini gari haitii. Nikakanyaga kwa nguvu zote, gari ikapunguza mwendo kwa kujivuta kama mtu anayeamshwa usingizini. Shangazi yangu nyuma alinyamaza, na shangazi si mtu wa kunyamaza.

Niliingiza gia ya 2, kisha L, injini ikaunguruma, nikafika sehemu tambarare nikaegesha. Gurudumu la kushoto lilikuwa linatoa moshi. Mvulana mmoja alikuja mbio na kidumu cha maji kutusaidia, dereva wa lori aliyekuwa amepaki pale akamzuia: "Acha, mdogo wangu! Diski ya moto haimwagiwi maji, inapinda." Tukakaa hapo karibu saa nzima tukila karanga, halafu tukashuka hadi Mombo kwa gia ndogo.

Dar nilimpelekea mzee mmoja fundi ambaye jirani yangu anamwamini. Nilimwamkia, nikamsimulia, na swali lake la kwanza lilikuwa: pedali ilizama au ilibaki juu? Ilibaki juu. Akasema basi oili ya breki haikuchemka. Ingechemka, kungekuwa na mapovu kwenye paipu na pedali ingezama hadi chini. Iliyoshindwa ni pedi yenyewe, ilipopata joto ikapoteza msuguano wa kushika diski. Alipoitoa akanipa mkononi. Uso wake ulikuwa unang'aa kama kigae, una nyufa pembeni, na kwenye moja nyama ilikuwa imeanza kubanduka kutoka kwenye bati la nyuma. Niliweza kuingiza ukucha katikati. Bado naikumbuka ile nafasi ya ukucha kila nikipita karibu na duka la spea.

Seti ya pili niliinunua kwa hofu. Nilirudi Kariakoo nikitaka pedi "ngumu kuliko zote", wala sikumsubiri mzee anishauri. Nikauziwa zenye unga wa chuma mwingi, shilingi 60,000, fundi mwingine akazifunga. Kwa haki yake, seti ile haikuwa feki. Ikipata joto inashika vizuri mno, na kwa anayebeba mzigo na kushuka milima ningesema achukue. Lakini mimi ni mtu wa foleni. Asubuhi zikiwa za baridi zilikuwa zinashika kwa uvivu, na kila taa za barabarani zinalia hadi bodaboda wanageuka. Baya zaidi, zilianza kuila diski. Baada ya miezi michache ukipitisha kidole unasikia mifereji kama ya sahani ya santuri. Na pedi ni za kuisha. Diski ndiyo yenye gharama.

Hapo nikarudi kwa mzee, safari hii kwa adabu. Alipofungua gurudumu la kushoto akaziweka pedi mbili sambamba juu ya gazeti. Ya ndani ilikuwa imebaki kama milimita 2, ya nje kama vile imefungwa juzi. "Mama, hapa usiilaumu pedi," akasema. Kalipa ya gari hii, yaani kile chuma kinachozibana pedi kwenye diski, inateleza juu ya pini mbili. Pini moja ilikuwa imeshika kutu, haichezi, kwa hiyo pedi ya ndani peke yake ndiyo ilikuwa inafanya kazi ya mbili, tena haiachii diski vizuri hata nikiondoa mguu. Inawezekana hata kule Soni gurudumu lile lilikuwa linajipika lenyewe kwa sababu hiyo. Fundi wa kwanza na wa pili walizitoa pedi na kuingiza nyingine bila kugusa pini. Nusu saa yao ilikuwa na sababu.

Kwa seti ya tatu mzee alinipa masharti. Nibebe pedi ya zamani kama sampuli, nibebe namba ya chesisi, kwa sababu IST ziko za aina zaidi ya moja na jina la nyuma ya gari halimwambii muuzaji kitu. Na dukani nisisome boksi, nisome pedi. Boksi linachapwa popote.

Nilichojifunza kusoma ni hiki. Pedi za mbele za Toyota wenyewe, namba ya spea inaanza na 04465. Ukipewa 04495 hizo ni breki shuu za nyuma. Pembeni mwa pedi au kwenye bati mara nyingi kuna maandishi marefu yanayoishia na herufi mbili, kama FF au GG. Ya kwanza ni msuguano pedi ikiwa kwenye joto la kawaida, ya pili ikiwa moto sana. E ni chini ya F, F ni chini ya G. Muuzaji mmoja aliniambia G ni "gredi ya juu", na hapo ndipo watu wanapodanganyika: herufi zinaeleza inavyoshika tu, haziongelei ubora wala itadumu muda gani. Mimi nilichotazama zaidi ni ile ya pili isiwe chini ya ya kwanza, kwa sababu ya Lushoto. Alama nyingine ni E ndani ya duara ikiwa na namba pembeni, pamoja na maandishi 90R. Hiyo ni kanuni ya Ulaya inayotaka pedi ya badala isitofautiane na ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15 katika kushika.

Za Toyota wenyewe nilitajiwa bei nikashukuru nikaondoka. Nikachukua Akebono, kampuni ya Kijapani inayotengeneza breki tangu 1929, aina isiyo na chuma kingi, kwa shilingi 85,000. Kabla ya kulipa nilizipima mkononi na ile sampuli, nikalinganisha masikio ya bati, nikaangalia namba ya kwenye pedi na ya kwenye boksi kama zinasomana. Muuzaji alichoka na mimi. "Dada, unanunua pedi au unanunua kiwanja?" Nikamwambia kiwanja kina hati.

Mzee alichukua karibu saa tatu. Alisoma unene wa chini uliogongwa kwenye diski, akapima, akaona inaruhusu kuchongwa kidogo, ikapelekwa kwenye lezi. Pini zikasuguliwa, zikapakwa grisi ya breki, si ile nyeusi ya kawaida, na raba zake zikabadilishwa. Kijana wake alishika chupa ya petroli akitaka kuosha raba, akafokewa: petroli inavimbisha raba za breki. Oili ya breki ya zamani ilitoka na rangi ya chai ya rangi. Ikaingia DOT 3 mpya. Ufundi na vifaa hivyo vidogo vilikula karibu bei ya pedi zenyewe. Iliniuma, sitasema uongo.

Jumapili alfajiri, barabara ikiwa tupu, nilizizoesha kama alivyoelekeza: mwendo wa 50, punguza hadi 10 bila kusimama kabisa, achia, rudia mara kumi, kisha tembea bila kugusa breki zipoe. Mara tatu za kwanza zilishika kwa kusitasita, kufikia ya saba mguu wenyewe ulisikia tofauti.

Sasa zimetembea kilomita 11,000. Wiki iliyopita mzee alizipima: ndani na nje zinalingana, na bado zina zaidi ya nusu. Ringi zina vumbi kidogo, la kijivu, si ule mkaa. Tumeshashuka Lushoto tena, kwa gia ya 2 tangu juu, na shangazi aliongea njia nzima. Nikiambiwa nitoe alama ni 8 kati ya 10. Moja nimekata kwa bei. Nyingine ni kwa sababu asubuhi zikiwa na umande, nikirudi nyuma kutoka getini, zinalia mara moja, kali, kisha zinanyamaza hadi kesho yake. Mzee amepaka vibati vya nyuma ya pedi dawa mara mbili na mlio bado upo. Mlinzi wa jirani anasema ndiyo saa yake ya kuamkia.