Tahadhari: juzuu ya ndege wa Audubon yenye picha za kubandikwa

Ninawaandikia wenzangu mnaokusanya vitabu vya kale vya ndege, hasa mlioko Uingereza na mnaonunua kwa njia ya mtandao, kuhusu muuzaji anayejitambulisha kuwa mrithi wa maktaba ya babu yake. Mwezi Machi aliniuzia, kwa pauni 2,400, juzuu ya kwanza ya toleo dogo la "The Birds of America" la John James Audubon, mchoraji wa ndege wa Marekani. Toleo hilo, lililotoka kati ya 1840 na 1844 katika juzuu 7 zenye picha 500, ndilo linaloweza kufikiwa na watu wa kipato chetu, kwa maana lile kubwa la London la 1827 hadi 1838, lenye picha 435 kwenye karatasi za urefu wa takriban mita moja, tumewaachia makumbusho na matajiri.

Udanganyifu wenyewe ulifanywa kwa ustadi. Jalada lilikuwa la kale kweli, ukurasa wa jina ulikuwa na mwaka 1840, na nilipohesabu picha nilizikuta zote 70 zinazotakiwa katika juzuu hiyo. Usiku wa tatu, nilipofika kwa bundi mweupe, picha ya 28, niliona kwamba ukingo wake umegundishwa juu ya kibaki cha karatasi nyingine iliyokatwa kwa wembe. Nikachukua lenzi. Katika karakana ya J. T. Bowen, mchapaji wa picha za juzuu hii, huko Philadelphia, mistari ilichapwa kwa jiwe, kisha kila picha ikapakwa rangi kwa mkono. Hapa niliona vidoa vidogo vidogo vya rangi nne, ambavyo ni alama ya uchapaji wa kisasa. Taa ya kukagulia noti bandia ilimaliza ubishi, kwani karatasi 11, akiwemo tai mwenye kichwa cheupe wa picha ya 14, ziling'aa kwa weupe wa samawati kama shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga, ilhali zilizobaki zilififia gizani. Picha nyingine 6 ni za kale, lakini mandhari yake yamechapwa kwa rangi, jambo lililokuja na toleo la 1856, kwa hiyo nazo zimehamishwa kutoka kitabu kingine.

Ndege waliong'olewa ni wale ambao watu hupenda kuwatia kwenye fremu na kuwatundika ukutani, na siamini kwamba hilo limetokea kwa bahati.

Kosa langu, na ninalikiri, ni kukubali kulipa nje ya tovuti ya mnada kwa njia ya kutumiana fedha baina ya jamaa na marafiki, ambayo haina kinga yoyote kwa mnunuzi. Alidai kwamba anakwepa makato, nami nikajiona nimepata bei ya bure. Nilipolalamika alijibu mara moja tu kwamba kitabu "kilifanyiwa ukarabati", kisha akanyamaza hadi leo, na benki yangu imesema kuwa fedha nilizituma kwa hiari yangu.

Yeyote anayefikiria kununua kwake, au kwa muuzaji mwingine asiyejulikana, aombe kwanza apigiwe picha ya kila karatasi pale inapoingia kwenye mshono, na picha ya karibu sana ya jicho la ndege au ya anga, ambapo vidoa hujitokeza upesi. Aombe pia ahadi ya maandishi kwamba kitabu kitapokelewa kikirudishwa. Mimi nilipoomba picha za mshono nililetewa za jalada, nikaridhika.

Wiki iliyopita nimeona juzuu ya sita, ile yenye heroe wa picha ya 375, ikitangazwa kwa maneno yaleyale ya babu na maktaba. Kurasa zote kwenye tangazo zimefunguliwa nusu, na hakuna hata moja inayoonyesha mshono.