Kuhasi mbwa na paka Uganda: huduma tatu zilizopo, na unacholipia hasa

Mwenye mbwa au paka Uganda ana njia tatu: kumwita daktari wa mifugo nyumbani, kumpeleka mnyama kliniki, au kusubiri siku za shirika la wanyama, kama zile za BIG FIX Uganda upande wa Gulu, ambako kuhasi huenda pamoja na chanjo ya kichaa cha mbwa. Upasuaji ni ule ule. Kinachotofautiana ni yanayofanyika kabla na baada ya kisu, na hapo ndipo mnyama hupona au hufa.

Kwanza neno lenyewe. Watu husema "kufunga kizazi", wakidhani ni mirija tu inayofungwa. Sivyo. Jike hutolewa ovari zote mbili, mara nyingi pamoja na mji wa mimba. Dume hutolewa korodani zote mbili. Mirija ingefungwa tu, jike angeendelea kushikwa na joto la kutaka dume, madume wangeendelea kukesha getini, na kizazi bado kingeweza kujaa usaha. Usaha huo huja wiki chache baada ya joto: jike anakunywa maji kupita kiasi, anakataa chakula, anatapika, tumbo linajaa. Ukichelewa, unampoteza. Aliyehasiwa sawasawa, bila ovari, ni nadra kupata usaha huo. Na akihasiwa kabla ya joto la kwanza, hatari ya uvimbe wa matiti hushuka sana, faida ambayo hupungua kwa kila joto linalopita. Kwa mbwa wanaozurura kuna pia ule uvimbe unaotoka damu sehemu za siri, unaoambukizwa kwa kupandana. Kuutibu ni sindano ya vinkristini, dawa ya saratani, kila wiki, kwa kawaida wiki nne hadi sita, na dawa hiyo si ya kuchezea.

Huduma ya nyumbani ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo tunayoisifu kwa masharti. Kwa paka dume au mbwa dume mdogo mwenye afya, inafaa: meza safi, vifaa vilivyochemshwa kwa mvuke, na daktari anayebaki mpaka mnyama ainue kichwa. Kwa jike, hapana. Hapo tumbo linafunguliwa. Dawa ya usingizi inayotumika sana ni zailazini na ketamini. Zailazini hutapisha, hupunguza mapigo ya moyo na kushusha joto la mwili. Mambo yakiharibika kwenye baraza la nyumba, hakuna oksijeni, hakuna dripu iliyokwisha kuwekwa, wala msaidizi wa kuhesabu pumzi.

Kliniki nzuri utaitambua kabla hata mbwa hajapanda mezani. Humpima uzito kwenye mizani, haikadirii kwa macho, kwa sababu dozi yote inatokana na kilo. Pia hutoa tone la damu na kulitazama. Hili ndilo wengi hulikata ili kupunguza bei, na ndilo la kung'ang'ania. Kupe wa mbwa wetu hubeba bakteria wa erlikia, ambao hupunguza chembe za kugandisha damu. Mbwa anaweza kuonekana mzima kabisa, kisha akavujia damu ndani ya tumbo usiku ule ule. Akigundulika, anatibiwa kwanza. Upasuaji unaweza kungoja. Jike aliye kwenye joto naye aahirishwe miezi miwili au mitatu, maana mishipa yake ya kizazi imejaa damu.

Omba uonyeshwe ovari zikiwa kwenye sahani, mbili. Si ukorofi. Kipande kikibaki tumboni, joto hurudi, na itabidi afunguliwe tena. Uliza pia kama dawa ya maumivu, kola ya shingoni na kutoa nyuzi vimo kwenye bei.

Siku za shirika zina faida kubwa kwa kijiji au mtaa mzima. Udhaifu wake ni foleni, na kwamba uangalizi wa baadaye unabaki kwako.

Umri: paka kuanzia miezi minne au mitano, kwa kuwa anaweza kushika mimba akiwa bado mtoto, na mimba yake ni kama siku 63 tu. Mbwa wa kienyeji, miezi sita hivi. German Shepherd na wengine wakubwa wangoje mwaka au zaidi, viungo vikomae. Anayeogopa kwamba mbwa hatalinda tena asiogope: kubwekea mgeni hakukai kwenye korodani. Kinachopungua ni kutoroka kufuata majike na kupigana barabarani.

Kabla ya upasuaji, mbwa mkubwa asile kuanzia usiku, maji apewe mpaka asubuhi. Paka mtoto asikae bila kula zaidi ya saa tatu au nne, sukari yake huisha upesi. Akirudi, alale pakavu penye joto, kola isivuliwe, asiogeshwe siku kumi. Tazama kidonda asubuhi na jioni: wekundu kidogo ni kawaida, lakini usaha, harufu, au ufizi uliopauka kama karatasi ni kurudi kliniki saa hiyo hiyo. Usimpe Panadol kwa huruma. Kidonge kimoja kinaweza kumuua paka, na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa. Nyuzi za nailoni hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14.

Baada ya hapo punguza posho (ugali wa mahindi) na mukene (dagaa) kwa karibu robo, la sivyo ataota kitambi. Na dume umtenge na majike mwezi mzima na zaidi: mbegu zilizokwisha kutengenezwa bado zimo njiani.